Nyumba mpya upande wa Katy: lori, kodi, maji na HOA kabla hamjasaini

Swali la msomaji: "Mimi ni muuguzi, mume wangu ni dereva wa lori. Tunakaa apatimenti Houston, sasa tumepata nyumba mpya upande wa Katy, magharibi mwa Houston, kwenye mtaa uliopangwa vizuri: kimya, bwawa la kuogelea la mtaa, njia za kutembea, shule karibu. Bei dola 360,000. Muuzaji wa kampuni ya ujenzi anasema ada ya HOA ni dola 1,100 kwa mwaka na kodi ni 'kama asilimia tatu hivi'. Mume wangu anataka awe analaza kichwa cha lori nyumbani, na mama anakuja kutoka Tanga mwakani kukaa nasi. Tununue? Kuna kitu hatuambiwi?"

Dada, mitaa ya namna hiyo inafaa sana familia yenye watoto, na sina neno la kuwavunja moyo. Ila mjue utulivu mliouona siku ile umetoka wapi. Mji wa Houston hauna sheria ya kugawa maeneo ya makazi na biashara kama miji mingine mikubwa ya Marekani. Sehemu kubwa ya mitaa mipya ya Katy haimo ndani ya mji wowote, iko chini ya kaunti tu, na kaunti za Texas hazina mamlaka ya jumla ya kupanga matumizi ya ardhi. Kinachomzuia jirani asifungue gereji chini ya dirisha lako ni masharti aliyoandika mwendelezaji wa mtaa, yaani kampuni iliyogawa ardhi na kuanzisha mtaa, na kuyasajili kwa karani wa kaunti kabla nyumba ya kwanza haijajengwa. Mitaa mikubwa ya kaskazini mwa Houston ilianza hivyo, Kingwood mwaka 1971 na The Woodlands mwaka 1974, na mitaa inayofunguliwa leo inafuata mtindo uleule. Masharti hayo yanashikamana na ardhi. Anayenunua anabanwa nayo, awe ameyasoma au hajayasoma. HOA, yaani chama cha wamiliki, ndiyo inayoyasimamia, na uanachama si hiari.

Kwa hiyo jibu la "tununue?" limo kwenye makaratasi, na nitaanza na lori kwa sababu peke yake linaweza kumaliza habari yote.

Karibu kila mtaa wa aina hii unakataza gari la kibiashara kulala mahali linapoonekana kutoka barabarani. Kichwa cha lori hakiingii kwenye gereji ya nyumba, basi kwa maneno mengine kimekatazwa. Tafuteni kwenye masharti kifungu cha magari. Mara nyingi kinataja uzito, idadi ya ekseli, maandishi ya kampuni ubavuni, au urefu. Msikubali maneno ya muuzaji kwamba "hapa hakuna anayejali". Wakati mtaa unajengwa malori ya mchanga na mbao yanapita kutwa, na kichwa kimoja cha ziada hakimshtui mtu. Nyumba zikijaa na kampuni ya usimamizi ikaanza kupita na gari kila wiki ikipiga picha, barua zinaanza. Baada ya barua ni faini, na faini si mwisho. HOA ikienda mahakamani, sheria ya mali ya Texas inamruhusu hakimu kutoza fidia ya hadi dola 200 kwa kila siku ya kuvunja sharti, na juu yake mnaweza kubebeshwa gharama za mawakili. Shemeji atafute sasa yadi ya kulipia ya kulaza lori, aulize bei ya mwezi, na bei hiyo muiingize kwenye hesabu ya nyumba kama vile umeme. Kama yadi iliyo karibu iko mwendo wa dakika arobaini, hilo nalo ni la kupima, kwa sababu dereva anayerudi usiku wa manane atakuwa analiendea kila safari.

Sasa kodi, na hapa ndipo wengi huumia.

"Kama asilimia tatu" ni jumla ya kodi kadhaa: kaunti, wilaya ya shule, na wilaya ya huduma inayojulikana kwa kifupi MUD. MUD ni mamlaka ndogo ya umma inayoruhusiwa na sheria ya maji ya Texas. Mwendelezaji akitaka kujenga porini ambako hakuna bomba la mji, anatanguliza fedha za visima, mabomba ya maji safi na taka, na mifereji ya mvua. Nyumba zikianza kuuzwa, MUD inatoa hatifungani (hati za kukopa fedha kwa wawekezaji), inamrudishia mwendelezaji fedha zake, na wenye nyumba wanalipa deni hilo kupitia kodi kwa miaka mingi. Ndiyo maana mtaa mpya kabisa una kiwango kikubwa kuliko mtaa wa jirani wenye umri wa miaka ishirini. Nyumba zikiongezeka deni linagawanywa kwa wengi na kiwango kwa kawaida hushuka, lakini si lazima: MUD ikitoa hatifungani nyingine kwa ajili ya awamu mpya, mnaweza kukaa juu muda mrefu. Sheria inamtaka muuzaji awape taarifa ya MUD kabla hamjafungwa na mkataba. Itakuwa na kiwango cha kodi, kiasi cha hatifungani kilichoidhinishwa na kiasi ambacho tayari kimetolewa. Linganisheni hivyo viwili vya mwisho. Kama zimeidhinishwa nyingi na zimetolewa chache, deni kubwa bado liko njiani.

Halafu kuna mtego wa mwaka wa kwanza. Texas inathamini mali kwa hali yake ya tarehe 1 Januari. Kama siku hiyo kiwanja chenu kilikuwa na udongo tu, mwaka huo mtatozwa kodi ya udongo. Tuchukue mfano: kiwanja kimethaminiwa dola 55,000 na viwango vyote pamoja ni dola 2.90 kwa kila dola 100. Kodi ya mwaka ni dola 1,595, sawa na dola 133 kwa mwezi. Mkopeshaji akitumia namba hiyo kupanga akaunti ya eskro, yaani fedha anazokusanya kwenu kila mwezi ili alipe kodi na bima, malipo yenu ya mwezi yanaonekana mepesi. Mwaka unaofuata nyumba inathaminiwa yote. Tuseme dola 360,000, na kati ya ile 2.90 shule ni 1.10. Mkiwa na msamaha wa makazi (punguzo la kodi kwa nyumba mnayoishi wenyewe), shule inatoza dola 220,000 tu, kwa kuwa kura ya Novemba 2025 ilipandisha msamaha wa kodi ya shule kutoka dola 100,000 hadi 140,000. Hiyo ni dola 2,420. Zilizobaki, 1.80 kwa thamani yote, ni dola 6,480. Jumla dola 8,900, yaani dola 742 kwa mwezi. (Baadhi ya kaunti zina punguzo lao la ziada, nimeliacha ili hesabu iwe nyepesi.) Eskro imekusanya 1,595 lakini bili ni 8,900, pengo ni 7,305. Mkopeshaji atapandisha malipo ya mwezi kwa dola 609 ili kufikia kodi halisi, na kwa miezi kumi na miwili ataongeza dola nyingine 609 za kuziba pengo. Mtu aliyepanga bajeti yake kwa malipo ya mwaka wa kwanza anaongezewa zaidi ya dola 1,200 kwa mwezi, na wapo waliouza nyumba kwa sababu hiyo.

Dawa yake ni rahisi: mwambieni mkopeshaji kwa maandishi apange eskro kwa thamani kamili ya nyumba tangu mwezi wa kwanza. Akikataa, wekeni tofauti hiyo pembeni wenyewe kila mwezi na msiiguse.

Msamaha wa makazi hauji wenyewe. Unaombwa bure kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti. Anwani ya leseni ya udereva au kitambulisho cha Texas iwe ile ya nyumba mpya, kwa hiyo badilisheni leseni kwanza. Siku ya kawaida ya mwisho ni tarehe 30 Aprili. Zikija barua zenye nembo kama za serikali zikitaka dola hamsini "kuwasajilia msamaha", zitupeni. Faida nyingine ya msamaha ni kwamba thamani inayotozwa kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, ingawa kinga hiyo huanza mwaka unaofuata ule wa kwanza wa msamaha. Na mkiona ofisi imethamini juu ya bei mliyolipa, pingeni kabla ya tarehe 15 Mei au ndani ya siku 30 tangu taarifa ilipotumwa, lolote litakalochelewa, mkipeleka karatasi ya malipo ya siku ya makabidhiano.

Maji. Kwa upande wa Katy naomba mlichukulie jambo hili kwa uzito kuliko rangi ya kabati za jikoni. Magharibi mwa Houston kuna mabwawa mawili, Addicks na Barker, yaliyojengwa na wahandisi wa jeshi la Marekani miaka ya 1940 baada ya mafuriko ya 1929 na 1935. Siku za kawaida ni makavu, yana miti na viwanja vya michezo, na asiyejua hawezi kuyatambua kuwa mabwawa. Serikali haikununua ardhi yote ambayo maji yanaweza kufika bwawa likijaa, na mitaa mizuri ikajengwa kwenye ardhi hiyo. Agosti 2017, wakati wa kimbunga Harvey, maji yalirudi nyuma ya kuta na kuingia maelfu ya nyumba, zikiwemo za sehemu za Cinco Ranch, mtaa wa kupangwa unaoheshimika sana. Nyingi kati ya nyumba hizo zilikuwa nje ya eneo la hatari kwenye ramani ya FEMA, shirika la taifa la maafa. Onyo lilikuwepo kwenye baadhi ya ramani za viwanja zilizosajiliwa kaunti, kwa herufi ndogo.

Basi msiishie kuuliza "tuko kwenye eneo la mafuriko?" Ombeni ramani ya kiwanja iliyosajiliwa na msome maandishi ya pembeni yote. Ulizeni kama nyumba iko ndani ya eneo la kujaa kwa Barker au Addicks. Nendeni siku ya mvua kubwa, muone maji yanasimama wapi na yanaondoka kwa muda gani. Tazameni jamvi la nyumba, yaani sakafu ya zege inayoibeba, limepanda kiasi gani juu ya ukingo wa barabara, kwani barabara za mitaa hii zimepangwa kwa makusudi zishike maji ya ziada kabla hayajaingia ndani. Nyumba ya chini kuliko zote mwishoni mwa barabara isiyopita hupokea maji ya wote. Mkija kununua nyumba iliyowahi kukaliwa, muuzaji anatakiwa kueleza kwa maandishi mafuriko yaliyopita na kama iko ndani ya eneo la bwawa.

Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ile ya mpango wa taifa inalipa hadi dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu vya ndani, na ina siku 30 za kusubiri isipokuwa inapochukuliwa pamoja na mkopo. Ichukueni siku ya kukabidhiwa hata kama benki haiwalazimishi. Bei hupangwa kwa nyumba yenyewe, kwa hiyo ulizieni anwani hiyo hasa.

Turudi kwa HOA. Dola 1,100 huenda ni kweli, lakini ulizeni kama kuna vyama viwili, cha mtaa mzima na kidogo cha sehemu yenye geti. Mkikuta viwili, mnalipa vyote. Ulizeni mchango wa mtaji unaolipwa mara moja siku ya makabidhiano, ada ya kuhamisha jina, na asilimia ambayo bodi inaweza kupandisha kila mwaka bila kura. Ombeni bajeti na kiasi cha akiba: mabwawa ya kuogelea, taa, uzio wa pembeni na mabwawa ya maji ya mvua vyote vitachakaa kwa wakati mmoja, na chama kisicho na akiba kitawatoza mchango wa dharura. Nyumba ikiuzwa na mwenyewe, mkataba wa kawaida wa Texas una kiambatisho kinachowapa siku tatu za kujitoa baada ya kupokea nyaraka za HOA, na ada ya cheti cha HOA chenye taarifa hizo haiwezi kuzidi dola 375. Kampuni ya ujenzi hutumia mkataba wake yenyewe, ambao hauna ukarimu huo, kwa hiyo masharti myasome kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mtayapata kwa karani wa kaunti, na mawasiliano ya chama yapo kwenye tovuti ya serikali, hoa.texas.gov.

Mjue pia kwamba kwa miaka ya mwanzo bodi ni ya mwendelezaji, si yenu. Zikishauzwa asilimia 75 ya viwanja, sheria inataka angalau theluthi ya bodi ichaguliwe na wamiliki. Mkutano huo msiukose. Watu wetu wengi hulipa ada miaka yote bila kwenda kikao hata kimoja, kisha wanashangaa sharti jipya limetoka wapi.

HOA ina nguvu, lakini imewekewa mipaka, na haki zenu ni za kuzijua kwa ufasaha. Kabla ya faini lazima iwaandikie kwa njia inayothibitika, kama barua ya rejista, iseme kosa ni lipi, iwape muda wa kurekebisha na haki ya kuomba kusikilizwa ndani ya siku 30. Ombeni kila mara, kwa maandishi. Haiwezi kuipiga nyumba mnada kwa faini peke yake. Kwa ada zisizolipwa inaweza, baada ya kupata amri ya mahakama, na hata ikishauza mna siku 180 za kuikomboa. Chama chenye viwanja zaidi ya 14 kinatakiwa kuwa na utaratibu wa kulipa deni kwa awamu. Mkikwama, ombeni mapema kabla halijafika kwa wakili, maana ada ya wakili hukua haraka kuliko deni lenyewe. HOA haiwezi kuwakataza kamera za ulinzi kwenye eneo lenu, wala dishi la setilaiti lisilozidi mita moja mahali penu, na alama za dini mlangoni zinalindwa.

Kubadilisha chochote cha nje kunapitia kamati ya usanifu: rangi ya mlango, banda la vifaa, kivuli cha nyuma, mti wa mbele. Peleka fomu, ramani ya kiwanja iliyochorwa mahali kitu kitakapokaa, vipimo, picha ya malighafi na sampuli ya rangi. Msianze kazi mpaka barua ya idhini iwe mkononi. Fundi wa zege akishamwaga, kamati inaweza kuwataka mvunje kwa gharama yenu.

Kwa mama, aje kwa amani. Mgeni wa familia kukaa miezi sita si kosa. Kinachokatazwa ni kugeuza gereji kuwa chumba chake, au kuongeza kibanda cha kulala nyuma bila idhini. Kama hawezi ngazi, chagueni ramani yenye chumba na bafu chini. Akitaka bustani, mchicha na bamia nyuma ya uzio kwa kawaida havina shida, lakini mbele ya nyumba ni maua na nyasi. Kuku na mbuzi karibu kila mtaa umekataza. Atakaa peke yake mchana katika mtaa usio na duka la kutembelea kwa miguu wala basi, na huo ni upweke halisi kwa mtu aliyezoea Tanga, ambako jirani hupita barazani. Pimeni umbali wa msikiti au kanisa na wa familia nyingine ya nyumbani kabla ya kuchagua mtaa.

Wewe mwenyewe, endesha kutoka nyumba hiyo hadi hospitalini siku ya kazi, saa ileile ya zamu. Barabara ya I-10 alfajiri na jioni si ile mliyoiona Jumapili. Hesabu na ada za barabara za kulipia kwa mwezi.

Nyumba mpya nayo ikaguliwe, tena mara tatu, na mkaguzi mnayemlipa wenyewe: kabla ya kumwaga zege la jamvi, kabla ya kufunika kuta, na kabla ya makabidhiano. Udongo wa Houston ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, ndiyo maana majamvi hupasuka. Mkaguzi atazame kama ardhi inateremka kutoka ukutani pande zote. Mkishahamia, kiangazi laza mpira wa matone kuzunguka nyumba, nusu mita hivi kutoka ukutani, udongo ubaki na unyevu ulio sawa pande zote. Dhamana ya kawaida ni mwaka mmoja kwa ufundi, miwili kwa mabomba, umeme na viyoyozi, kumi kwa muundo. Mwezi wa kumi na moja muiteni mkaguzi tena, na orodha yake ipelekwe kwa kampuni kwa maandishi kabla mwaka haujaisha.

Wiki hii ombeni vitu vinne kwa barua pepe: masharti yote yaliyosajiliwa, taarifa ya MUD, ramani ya kiwanja, na bajeti ya HOA. Muuzaji akisema mtapewa siku ya makabidhiano, ahirisheni kusaini hadi vifike.